Mwaka wa Kungoja Yai la Bi Mkubwa

Kwenye mazishi ya Espérance watu walibishana kuhusu umri wake. Karatasi ya wasifu aliyoishika mchungaji ilikuwa na mwaka mmoja wa kuzaliwa, mumewe Déo alikuwa ametaja mwingine asubuhi ile, na wanawake wawili waliokaa naye kambi ya wakimbizi ya Kibondo walikuwa wakinong'ona nyuma yangu kwamba yote miwili ni uongo.

"Mimi nilimbeba mgongoni," alisema mmoja. "Sasa atanizidije miaka?"

"Nyamaza, Mama Nadine. Marehemu hahesabiwi."

Baada ya maziko tulirudi ukumbini kula. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na maharage, nikitafuta pa kukaa, alipokuja mwanamke wa Kizungu mwenye mvi alizozikata fupi, akanigusa bega. Ilinichukua muda kumtambua Kerry, aliyekuwa bosi wetu. Tukapeana pole. Kisha, kwa kukosa la kusema, kama watu wafanyavyo misibani, akasema, "Yule wenu bado yupo, unajua. Bado anakula." Nikaiweka sahani chini. Mnyama ambaye Espérance alimpikia uji karibu miaka ishirini iliyopita, ambaye hata wakati ule tulimwita mzee, alikuwa asubuhi hiyo hiyo amekula, amechimba, amelala, na sisi tulikuwa tumetoka kumfukia mpishi wake. Kerry alidhani habari hiyo ingenifariji. Iliniudhi mchana kutwa, na ilikuwa ikiniudhi bado nilipopanda treni kurudi nyumbani. Hasira ile ndiyo iliyonirudisha mwaka 2006.

Nilikuwa nimetoka kwenye chumba cha habari cha gazeti moja Dar es Salaam, nimekuja Sydney kusoma, na nilikuwa nimepanga chumba Quakers Hill, magharibi mwa jiji, kwa sababu ndicho nilichokimudu. Kazi niliyoipata ilikuwa kwenye bustani ndogo ya wanyama, upande huo huo wa magharibi: kufagia mazizi, kuosha vyombo vya wanyama, kubadilisha maji. Ulikuwa mwaka wa ukame, maji ya bomba yalikuwa na masharti, na hata sakafu tuliiosha kwa kubania. Nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali na kukumbuka majibu, tabia inayomfaa mwandishi wa habari na kumchosha kila mtu mwingine. Jiko la wanyama lilikuwa banda la mabati lenye meza ndefu ya chuma, sinki mbili na jokofu lililokuwa likinguruma kama mtu mwenye mafua. Humo Espérance alikata viazi vitamu vya kangaruu na kusaga kwenye blenda nyama, mayai, pumba na mafuta mpaka vikawa uji mzito wa kijivu. Siku ya kwanza nilimuuliza uji huo ni wa nani, unapikwa mara ngapi, na kwa nini una rangi ile.

"Unauliza kama polisi," alisema. "Lakini unauliza Kiswahili. Karibu, mdogo wangu. Hii ni ya ekidna. Hana meno, kwa hiyo anakula bouillie, uji tu. Na wewe ulianza na bouillie, utamaliza na bouillie. Ndiyo maisha."

Ekidna si rahisi kumweleza. Watu wa kwetu wakiniuliza huwa naanza na nungunungu, kisha nampunguza: mdogo kuliko nungunungu, miiba mifupi minene, pua nyembamba kama penseli, ulimi mrefu wa kulambia mchwa, na nyayo za miguu ya nyuma zilizoelekea nyuma, kana kwamba aliyemuumba alikuwa na haraka siku hiyo. Mpaka hapo wasikilizaji huwa bado wananiamini. Huniacha ninapoendelea kusema kwamba jike hutaga yai moja, laini kama ngozi, dogo kama zabibu, na kulipokea kwenye mfuko unaojitokeza tumboni mwake msimu wa uzazi tu. Kwamba baada ya siku kama kumi hutoka kitoto kisichozidi punje ya harage, kikashikilia manyoya ya mama yake na kulamba maziwa yanayovuja kwenye ngozi, maana mama hana chuchu. Kwamba kikianza kuota miiba mama hukitoa mfukoni na kukificha shimoni, akaenda zake, akawa anarudi mara moja moja kukinyonyesha. Nilimwandikia mhariri wangu wa zamani nikimwahidi makala kuhusu mnyama huyu. Alijibu kwa mstari mmoja: "Rehema, anataga halafu ananyonyesha? Huko wanawapa nini mnywe?"

Bustani yetu ilikuwa na ekidna wawili. Mmoja alikuwa mkubwa, mzito, mwenye miiba iliyopauka. Aliletwa mwishoni mwa miaka ya themanini, akiwa tayari mtu mzima, na familia iliyomfuga shambani. Alikuja na jina la kike, akaandikwa jike. Mwingine alikuwa mdogo, mweusi, mwepesi, aliyeokotwa barabarani. Daktari wa wanyama alipapasa kisigino chake cha nyuma, akakuta kijimwiba kama cha jogoo, akamwandika dume. Majina yao ya Kiingereza nimeyasahau, maana Espérance hakuyatumia hata siku moja. Kwake mkubwa alikuwa Bi Mkubwa na mdogo alikuwa Bwana Mdogo, na baada ya wiki chache hata Kerry alikuwa akisema "Bimukuba" kwenye redio ya mkononi. Umri wa Bi Mkubwa hakuna aliyeujua. Ekidna hana meno ya kukaguliwa, na sura yake ya uzeeni ni ile ile ya ujanani. Kerry alisema huenda ana miaka ishirini, huenda ana thelathini. Kizuizini wapo waliokaribia hamsini, kwa sababu joto la mwili wao ni la chini na mwili wenyewe hauna pupa.

"Na bado anaweza kuzaa?" Espérance aliuliza.

"Hakuna anayejua wanakoma lini," Kerry alijibu. "Labda hawakomi."

Nilikuwa nasugua sinki. Niligeuka kwa sababu blenda ilikuwa imezimwa na Espérance alikuwa amesimama tu, mkono juu ya kifuniko. Kerry aliendelea kueleza kwamba ni wachache mno nchini waliofanikiwa kuwazalisha wanyama hawa kizuizini, na kwamba msimu ule wa baridi angewaweka pamoja, ajaribu. Sidhani kama Espérance alisikia sehemu hiyo. Alikuwa amekwishachukua alichokitaka.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakwenda kula kwake Rooty Hill. Jikoni mwake mlikuwa na meza ya plastiki, viti vinne visivyofanana, na jokofu lililofunikwa picha za watoto wa watu wengine: ubatizo, siku ya kwanza shuleni, meno ya mbele yaliyong'oka. Kanisani wanawake wote wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Nadine, Mama Fabrice, Mama Kevin. Yeye alikuwa Dada Espérance. Wasichana waliokwisha kuolewa na kuzaa walimwita dada, kwa heshima kabisa, na kila mara nilimwona akiitika upesi kuliko inavyohitajika. Alikuwa akipika ugali wa muhogo, maharage ya mawese, mchicha uliopondwa, na dagaa wakavu kutoka duka la Waafrika Blacktown ambao harufu yao ilinifuata mpaka darasani Jumatatu. Déo alikuwa akisafisha maofisi katikati ya jiji usiku, kwa hiyo aliamka wakati chakula kinapakuliwa, akaja mezani na alama ya mto shavuni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Kaka yake alikuwa amekufa na kuacha binti, Diane, aliyekuwa kambini na bibi yake, na Déo alitaka kumleta.

"Mtoto wa kaka yangu ni wangu," alisema siku moja, akimega ugali. "Ni wetu."

"Sijakataa."

"Hujakubali."

"Bon. Kula, chakula inapoa."

Alipokwenda kuoga, Espérance alifungua bomba la sinki kidogo, ili kufunika sauti tu, akanieleza huku akinipa sahani nifute. "Nikimleta sasa, nimesema kwamba mimi imekwisha. Nikizaa kwanza, nitamleta hata kesho, alale kitanda kimoja na wangu. Lakini akitangulia yeye, Déo hatarudi tena kwa daktari. Ninamjua. Atashiba."

Walikuwa wamejaribu kliniki ya uzazi mara moja, mwanzoni mwa mwaka, na mimba haikushika. Daktari alisema wanaweza kurudia, ila kliniki ile ilikuwa na kikomo cha umri, na kwa karatasi zake Espérance angekifikia mwaka ukiisha. Karatasi hizo, kama za karibu kila Mrundi niliyemjua mitaa ile, zilisema alizaliwa tarehe mosi Januari. Ndivyo makarani wa kambi walivyofanya: mtu asiyejua siku yake alipewa siku ya kwanza ya mwaka, na mwaka wenyewe ulikisiwa.

"Karani aliniangalia uso," Espérance alisema. "Nilikuwa nimetembea, nimekonda, niko na vumbi mpaka kwa nyusi. Akanipa miaka ya vumbi."

"Kwa hiyo kweli una mingapi?"

"Sijui. Mama alikuwa na mimba yangu walipokimbia. Lakini mama alikimbia mara nyingi."

Nilimwambia basi apige simu kliniki kesho yake, apangiwe. Ilikuwa bado Mei. Akafunga bomba. "Ngoja Bi Mkubwa atangulie," alisema. "Ni mzee kuliko mimi. Akitaga, napiga simu siku ile ile."

"Dada, yule ni mnyama."

"Na mimi ni nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliamini kwamba jambo lenye tarehe ya mwisho hufanywa kabla ya tarehe hiyo. Ndivyo gazeti linavyotoka. Sasa najua kwamba alikuwa anaogopa kuambiwa hapana mara ya pili, na kwamba mnyama asiyesema lolote alikuwa mahali salama pa kuuweka woga huo. Nimeelewa hayo kwa miaka mingi. Kuelewa hakujanipunguzia hata chembe ya ule mkereketo, wa kumtazama mtu akisubiri kwenye foleni isiyokuwepo, wiki baada ya wiki, na mlango halisi uko wazi upande wa pili wa barabara.

Juni Kerry aliwaweka pamoja. Porini, alitueleza, wakati wa baridi madume hufuatana nyuma ya jike mmoja, pua kwa mkia, kama mabehewa, hata kwa wiki kadhaa, mpaka jike aamue. Kwetu behewa lilikuwa moja tu. Asubuhi nikifika, nyasi zikiwa na umande uliokaribia kuganda, niliwakuta wakizunguka zizi kwa kufuata uzio, Bwana Mdogo mbele, Bi Mkubwa nyuma yake, pua yake ikigusa miiba ya mwenzake. Akisimama huyu, yule anasimama. Espérance alikuwa akija na ndoo yake, anaegemea mlango, anatazama.

"Ona mzee anavyokimbiza kijana," alisema. "Hana haya huyu. Kwetu wangemfungia ndani."

"Kitabuni dume ndiye anayefuata," nilisema.

"Kitabu kiliandikwa na mwanamume."

Nilimuuliza Kerry vile vile. Alifikiri kidogo, akasema kizuizini tabia hubadilika, na kwamba jike huyu ni mkubwa na mzoefu, dume ni kijana na mwoga. Jibu hilo lilituridhisha sote watatu. Tuliona kilichokuwa kinatendeka, tukakipa maana iliyokuwa imekwishaandikwa kwenye mlango wa zizi kabla yetu. Wiki zikapita. Hatukuwahi kuwaona wakifanya zaidi ya kuzunguka, na mwishoni mwa Julai wenye bustani wakakubali kubadilishana na bustani nyingine ng'ambo ya milima: Bwana Mdogo aende huko, na wao watuletee dume aliyewahi kuzalisha. Espérance alimfungia safari. Aliweka majani makavu ndani ya sanduku, na chombo kidogo cha uji ambacho dereva alikikataa.

"Nenda salama, Bwana Mdogo," alisema kwenye matundu ya hewa. "Kazi imekushinda. Si aibu, inawashinda wengi."

Dume aliyekuja alikuwa na sifa zake na tulimtarajia kama mganga kutoka mbali. Hakumfuata Bi Mkubwa hata hatua moja. Wakikutana walisukumana kwa mabega mpaka mmoja akachoka, kisha kila mmoja akachimba kona yake. Kerry alisema Bi Mkubwa anachagua. "Wazee wanachagua," Espérance alikubali. "Ujanani unakula kila kitu." Kisha, katikati ya Agosti, Kerry alivaa glavu nene, akamwinua Bi Mkubwa kwa kumshika miguu ya nyuma kabla hajajikunja kuwa mpira, akaniomba nimulike tochi. Ekidna akijikunja tumbo lake halionekani, kwa hiyo ulikuwa mtazamo wa sekunde chache tu. Lakini sote tuliuona: mkunjo katikati ya tumbo, kingo mbili za nyama zimeinuka na bonde kati yake.

"Mfuko," Kerry alisema kwa sauti ya chini. "Mungu wangu, anatengeneza mfuko."

Siku hiyo Espérance alirudi nyumbani akiimba mpaka kituoni. Kwenye behewa alikaa dirishani, mikono juu ya mkoba, akanitajia majina mawili, la msichana na la mvulana, kisha akaniambia niyasahau kwa sababu si vizuri kuyataja mapema. Kwa muda wa safari ile hata mimi niliamini. Wiki iliyofuata Kerry alimwinua tena Bi Mkubwa na tumbo lilikuwa tambarare. Espérance alisema mfuko umefungwa tu, utarudi. Simu hakupiga.

Septemba ilikwisha, miti ya jakaranda ikaanza kuchanua, na Kerry akatangaza kwamba msimu umetushinda, tungoje mwaka ujao. Mwaka ujao. Alilisema hivi hivi, kama mtu mwenye miaka ya kugawa. Jioni hiyo tulisimama kwenye jukwaa la stesheni ya Blacktown, ambapo njia zetu zilikuwa zinaachana, yeye akisubiri treni ya Rooty Hill na mimi ya Quakers Hill.

"Msimu umekwisha, dada," nilisema. "Piga simu."

"Kerry alisema wengine wanachelewa."

"Si Kerry anayetaka mtoto. Ni wewe."

"Usinipandishie sauti. Mimi nimekuzidi."

"Umenizidi kwa karatasi ipi?"

Treni yake ilikuwa inaingia. "Nikipiga na wakasema hapana," aliniambia, "kesho nitaamka nifanye nini? Niambie wewe unayejua kuuliza." Akapanda. Oktoba yote tulisemeshana kuhusu ndoo na viazi. Novemba nilimwambia nitapiga mimi kwa niaba yake, akaniuliza kama nitazaa mimi pia. Kila Jumapili Déo alimtaja Diane mezani, kwa upole, na kila Jumapili Espérance alimwongezea maharage.

Habari ilikuja kwa simu ya jikoni, siku chache kabla ya Krismasi, joto likiwa limefanya mabati ya banda yalie. Kerry alipokea. Nilimsikia akisema, "Rudia," kisha akasema tena, "Rudia," kisha akabonyeza kitufe ili nasi tusikie. Alikuwa ni mwanamume wa ile bustani ya ng'ambo ya milima, na alikuwa anajaribu kuongea bila kucheka.

"Yule dume mliyetuletea ana mtoto," alisema. "Na anamnyonyesha."

Walikuwa wanatengeneza uzio. Jembe lilifungua shimo, na shimoni mlikuwa na kitoto kinono chenye miiba mifupi, tumbo limejaa maziwa. Hawakuwa wamekagua chochote miezi yote ile kwa sababu nani hukagua mfuko wa dume. Walingoja, na baada ya siku mbili Bwana Mdogo alikuja, akaingia shimoni. Kesho ya simu ile daktari wetu wa wanyama alimlaza Bi Mkubwa kwa dawa ya usingizi, akamnyoosha mezani, na hapakuwa na haja ya kubishana: alikuwa dume, na huenda alikuwa dume tangu siku ile aliyoletwa na jina la kike. Kile kijimwiba cha kisiginoni, daktari alieleza, hata majike wachanga huwa nacho, na wengine huchelewa kukipoteza; na hata dume akikaza misuli ya tumbo anaweza kuonyesha mkunjo kama mfuko. Mtoto wa ng'ambo alikuwa wa Bi Mkubwa. Walikuwa wamemalizana hapa hapa kwetu, Julai, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, na sisi tukaliweka yai letu kwenye sanduku tukalipakia kwenye gari.

Tulipoleta jibu hilo jikoni, Kerry alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Nami nilicheka. Ilikuwa haiwezekani kutocheka. Espérance alikuwa ameshika mwiko, na uji ulikuwa unadondoka kutoka kwenye mwiko hadi mezani.

"Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "nimemngoja mwanamume atage."

Akaweka mwiko chini, akavua glavu, akamwomba Kerry simu. Namba ya kliniki aliijua kwa kichwa. Tuliisikia ikiita, kisha ikaja sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, changamfu, ikisema ofisi zimefungwa kwa ajili ya sikukuu na zitafunguliwa katikati ya Januari. Nchi ile hufungwa hivyo kila mwaka, kuanzia kwa daktari hadi kwa fundi bomba, na kila mtu huenda ufukweni. Espérance alisikiliza mpaka mwisho, akapiga tena, akasikiliza tena mpaka mwisho.

"Ananitakia Krismasi njema," alisema, akamrudishia Kerry simu.

Siku zilizofuata nilifanya kile ninachojua kufanya. Nilikwenda kliniki, nikakuta mlango umefungwa kweli. Nilimwambia Espérance kwamba Januari tutawaeleza ukweli: tarehe ile ni ya kukisia, si yake, wanawake waliokua naye watathibitisha. Alikuwa anakunja nguo za Déo za kazi. Aliniuliza kwa utulivu kama ninataka aende kwenye ofisi ya watu wa nchi hii akaseme kwamba karatasi iliyomleta hapa ina uongo. "Wataniuliza, na kitu gani kingine uliongopa? Nijibu nini? Wewe uko na pasipoti, una kwenu kwa kurudi." Nilibishana. Nilikuwa na hoja nzuri, zimepangwa vizuri. Bado ninazo.

Tarehe mosi Januari Warundi wa mitaa ile walikuwa na desturi yao. Kwa kuwa karibu kila mtu mzima alizaliwa siku hiyo, walikata keki moja ya wote, mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa karatasi ndiye aliyeshika kisu. Mwaka ule ilikuwa zamu ya nyumba ya Espérance. Ua ulijaa watu kabla ya saa sita mchana. Nyasi zilikuwa zimekauka hadi zikawa rangi ya mkate, na chini ya turubai la bluu palikuwa na masufuria ya wali, mbuzi wa kuchoma, makreti ya soda. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa Kiingereza ni sherehe ya kuzaliwa ya nani. "Ya kila mtu," mama yake alimjibu kwa Kiswahili. "Ya serikali." Watu wakacheka. Mzee aliyekuwa akishika kisu miaka ya nyuma alikuwa amehamia kwa mwanawe Brisbane, na walipoanza kutajiana miaka yao ya karatasi, mmoja baada ya mwingine, ikaonekana kwamba Espérance ndiye aliyefuata.

"Huyu mtoto?" Mama Nadine alisema, mikono kiunoni. "Huyu ndiye mzee wetu?"

"Karatasi imesema," mtu akajibu kutoka nyuma.

Wakampa kisu. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha kijani na kilemba chake. Wakamwimbia, kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto, naye alisubiri mpaka wimbo ulipokwisha kabisa, ncha ya kisu ikiwa juu ya sukari. Sikuwa nikitazama keki. Nilikuwa nikimtazama yeye, kwa sababu nilitaka kuona kama atalia, na kama atalia nilitaka niwe karibu. Hakulia. Alikata kipande cha kwanza, cha pembeni, akakiweka kwenye sahani ya karatasi aliyoishika Déo.

"Mwambie mama yako amwandae Diane," alisema.

Kelele zilikuwa nyingi. Mtu alikuwa amewasha muziki. Déo akainama. "Umesemaje?"

"Diane. Aje."

Hakumtazama alipolisema mara ya pili. Déo alibaki amesimama na sahani, mdomo wazi kidogo, akizuia foleni, mpaka Espérance akamsukuma kando kwa kiwiko, akakata kipande kingine, akamwita anayefuata.